Pesa ya Kusoma Nje kwa Mwanafunzi Mweusi wa Marekani: Pa Kuanzia na Namna ya Kuomba

Ukiutafutia mtandaoni ufadhili wa wanafunzi weusi wa kwenda kusoma nje, utaletewa orodha ndefu kama foleni ya mwendokasi saa kumi na moja jioni. Nyingi kati ya hizo ama zilishafungwa, ama zinatoa dola mia tano, ama zilibadili masharti na aliyeandika orodha hakurudi kuangalia. Kijana anajaza fomu usiku kucha, hajibiwi, anahitimisha kwamba hizi pesa zina wenyewe.

Pesa zipo. Ila sehemu kubwa yake haijaandikwa popote kuwa ni ya watu weusi. Imeandikwa kwa maneno mengine: kipato cha familia, chuo unachosoma, lugha unayotaka kujifunza, nchi unayokwenda. Anayetafuta kwa rangi peke yake anaipita mlangoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi Weusi wamekuwa takriban asilimia 5 hadi 6 tu ya wanafunzi wa Marekani wanaokwenda kusoma nje, ingawa hisa yao vyuoni ni kama mara mbili ya hapo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi mweusi wa shahada ya kwanza katika chuo cha Marekani, awe mzaliwa wa Atlanta au mtoto wa familia iliyotoka Bukavu, Mombasa au Kigoma ikatua Columbus au Dallas. Nazungumzia kwenda nje kwa kiangazi, muhula au mwaka, ukiwa bado mwanafunzi wa chuo chako. Kuhamia nje kwa shahada nzima ni habari nyingine.

Hatua ya kwanza: soma hati zako kabla ya kusoma masharti yao

Kinachochuja watu wengi mapema ni uraia, hata kabla alama hazijaangaliwa. Fadhili za serikali ya Marekani, yaani Gilman, Boren, CLS na Fulbright inayopeleka Wamarekani nje, zote zinataka raia wa Marekani. Mwenye grinkadi hana nafasi huko, hata awe wa kwanza darasani.

Lakini usijitoe haraka. Kaa na mzazi mfungue ile bahasha ya makaratasi ya uhamiaji. Kwa sheria ya uraia wa watoto iliyopitishwa mwaka 2000, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi wake, anakuwa raia palepale mzazi huyo anapopata uraia. Hakuna barua ya pongezi inayotumwa nyumbani, wala cheti kinachokuja chenyewe. Kwa hiyo wapo vijana wa jamii zetu wanaojaza "mkaazi" kwenye kila fomu, kumbe ni raia tangu walipokuwa sekondari. Kama mama aliapishwa wewe ukiwa na miaka 16, peleka cheti chake cha uraia, cheti chako cha kuzaliwa na grinkadi yako kwenye ofisi ya pasipoti, uombe pasipoti ya Marekani. Kuna familia zimeokoa maelfu ya dola kwa zoezi hilo la asubuhi moja.

Kama kweli bado huna uraia, elekea kwingine. Shirika la Fund for Education Abroad, lililoanzishwa 2010, hupokea pia wakaazi wa kudumu. Freeman-ASIA, kwa wanaokwenda Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, vilevile. Na wa sayansi, uhandisi au kompyuta aangalie RISE ya DAAD, shirika la Ujerumani: unapelekwa maabara ya huko kiangazi kizima, unalipwa posho kila mwezi, na kinachotazamwa ni mahali unaposoma, si pasipoti uliyonayo. Hiyo ya mwisho watu wetu hawaijui kabisa, na ni nzuri kuliko nyingi zinazojulikana.

Aliye na hadhi ya ukimbizi anasafiri kwa hati maalumu badala ya pasipoti. Si kila nchi inaipokea, kwa hiyo uliza ubalozi kwanza, uchague programu baadaye. Na nchi mliyoikimbia usiende bila kuongea na wakili wa uhamiaji.

Pasipoti yenyewe kwa mtu mzima anayeomba mara ya kwanza ni dola 165. Kabla hujatoa mfukoni, uliza ofisi ya masomo ya nje: taasisi ya IIE ina mradi wa kuwalipia pasipoti wanafunzi wa kipato cha chini kupitia vyuo vilivyochaguliwa.

Hatua ya pili: nenda ofisi ya misaada ya fedha, na uende na maswali

Hapa ndipo pesa kubwa ilipo, na ndipo watu wengi hawapiti. Tangu sheria ya elimu ya juu iliporekebishwa mwaka 1992, msaada wa serikali kuu ya Marekani unaweza kukufuata nje, mradi chuo chako kimeikubali programu hiyo na masomo yake yanahesabiwa kwenye shahada yako. Pell Grant, ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, unayopokea ukiwa Ohio unaweza kuitumia ukiwa Accra. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu cha Pell ni dola 7,395. Nayo hairudishwi.

Mlango wake ni FAFSA, fomu ya bure ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba Mosi. Ijaze kila mwaka hata kama mzazi anasema mwaka jana hatukupata kitu. Anayekuomba malipo ili akujazie, mkimbie.

Ukifika ofisini, usiulize "mna ufadhili wa kusoma nje?" Utapewa kipeperushi. Uliza haya:

- Gharama yangu ya masomo itakokotolewa upya kwa bajeti ya programu hii, pamoja na tiketi, viza na bima?
- Ruzuku ya chuo, ile mnayonipa ninyi wenyewe, inasafiri nami au inabaki hapa?
- Nikipata ufadhili wa nje ya chuo, mtapunguza nini kwanza: mkopo wangu au ruzuku yangu?

Swali la pili hutofautisha chuo na chuo. Vipo vinavyoiachia ruzuku yote iende, vipo vinavyoikata mara tu unapotoka kampasi, na vipo vinavyoiruhusu kwa programu zao wenyewe tu. Hilo peke yake linaweza kuwa tofauti ya dola elfu tatu au nne kwa muhula. Swali la tatu nitalirudia. Majibu yote yaombe kwa barua pepe. Ofisa wa leo si ofisa wa Januari.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa muhula mmoja Accra. Ada ni 6,000. Malazi na chakula 3,500. Tiketi 1,600. Viza, bima na chanjo 700. Ya homa ya manjano ni lazima kuingia Ghana. Mengineyo 1,200. Jumla 13,000. Toa nusu ya Pell, tuseme 3,700, na ruzuku ya chuo 3,000. Pengo ni 6,300. Sasa unajua unatafuta nini: 6,300, si "ufadhili". Mwenye namba mkononi anaandika maombi tofauti kabisa na mwenye ndoto tu, na wasomaji wa maombi wanaona.

Hatua ya tatu: chagua programu kwa bei yake halisi

Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni mabadilishano: unalipa ada ya chuo chako, mwenzako wa kule analipa ya kwao, mnabadilishana viti. Mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote, hasa kwa wa vyuo vya umma wanaolipa ada ya mkaazi wa jimbo. Ya pili ni ya kampuni au shirika linalopanga kila kitu kuanzia nyumba hadi matembezi. Ni rahisi kwa mzazi mwenye wasiwasi, lakini urahisi huo una bei. Ya tatu ni ile ya wiki chache pamoja na profesa wako.

Kwa mashirika, uliza punguzo lao la ndani kabla ya kuomba popote. Mengi yana mfuko wao wa ufadhili, na baadhi huongeza kiasi kwa mwanafunzi wa Pell au aliyeshinda Gilman. Hawatangazi sana.

Tazama pia ngazi ya tahadhari ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeipa nchi hiyo. Ngazi ya 1 na 2 hazina shida. Ya 3 huleta maswali kwa mfadhili na kwa bima ya chuo, na ya 4 hufunga mlango. Ngazi hizi hubadilika ghafla, basi angalia tena wiki unayotuma maombi.

Hatua ya nne: Gilman kwanza, mengine baadaye

Kama wewe ni raia na unapokea Pell, anza na Benjamin A. Gilman. Ni ya Wizara ya Mambo ya Nje, ilitokana na sheria ya mwaka 2000, na iliundwa kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo. Inatoa hadi dola 5,000, na hadi 8,000 kwa anayejifunza lugha ambayo serikali inaihitaji. Haina kiwango cha chini cha wastani wa alama. Haitaki barua za mapendekezo. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi usiku na alama zake si za kutangaza, sijaona mlango mpana kuliko huu.

Ina awamu mbili kwa mwaka: moja kwa kawaida hufungwa mapema Oktoba, nyingine mapema Machi. Baada ya wewe kutuma, mshauri wa masomo ya nje na ofisa wa misaada ya fedha wanapaswa kuthibitisha mtandaoni kwamba unayosema ni kweli. Hapo ndipo maombi mazuri hufia. Usiwashtukize siku ya mwisho. Waambie mwezi mmoja kabla, kisha wakumbushe kwa adabu.

Boren ni kubwa zaidi, hadi dola 25,000 kwa mwaka, lakini ina deni lake: ukimaliza unatakiwa kufanya kazi serikali kuu ya Marekani angalau mwaka mmoja. Haipeleki Ulaya Magharibi wala Australia. Inapeleka pale ambapo Marekani inakosa wataalamu wa lugha, na Kiswahili kimo. Kupitia mpango wake wa lugha za Afrika, wanafunzi wamekuwa wakipelekwa Arusha kwa Kiswahili. Kiwolofu na Kizulu vimo pia. Aliyelelewa kwa Kiswahili asidhani amefungiwa, ila aonyeshe atakachoongeza: kuandika ripoti, lugha ya mahakama, lugha ya afya ya jamii. Kuongea na bibi kwa simu hakutoshi kuwashawishi. Kama hutaki kabisa kufanya kazi serikalini, usiombe. Mkataba ni mkataba.

CLS (Critical Language Scholarship) ni ya kiangazi, imekuwa ikifundisha lugha zaidi ya kumi, Kiswahili kikiwemo, na inagharamia karibu kila kitu. Programu za serikali hutegemea bajeti ya Bunge la Marekani, basi hakikisha kwenye tovuti rasmi kila msimu.

Hatua ya tano: pesa zenye jina letu

Sasa tuje kwenye zile zinazotajwa kuwa za wanafunzi weusi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi wa kuingia vyuoni. Kesi ilihusu udahili, lakini vyuo vingi vilichukua tahadhari vikabadilisha pia masharti ya ufadhili. Mfuko uliokuwa ukisema "kwa wanafunzi weusi" sasa unaweza kusema "kwa wa kwanza katika familia kufika chuo", au "kwa waliojitolea kwa jamii zisizofikiwa". Pesa ni ileile, jina jingine. Kwa hiyo unapotafuta, tumia maneno hayo pia.

Frederick Douglass Global Fellowship ya CIEE, shirika la masomo ya nje, ilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vinavyohudumia jamii za walio wachache, vikiwemo vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani HBCU. Imepewa jina hilo kwa sababu nzuri: Douglass, mtoro wa utumwa, alivuka bahari 1845 kwenda Ireland na Uingereza akiwa bado mali ya mtu kisheria, na marafiki wa huko ndio waliochanga wakamnunulia uhuru wake mwaka uliofuata. Washindi husafirishwa, hulazwa na hulishwa kwa kiangazi cha mafunzo ya uongozi. Nafasi ni chache, ushindani mkali.

Ukiwa Howard, Spelman, Morehouse au HBCU nyingine yoyote, tembelea kwanza kituo cha masomo ya nje cha chuo, maana baadhi ya fedha hazitangazwi nje ya geti. Angalia UNCF, mfuko wa ufadhili wa wanafunzi weusi ulioko tangu 1944; akaunti moja kwake inakuonyesha mifuko mingi, na baadhi inaruhusu pesa itumike kwa masomo ya nje. Fund for Education Abroad niliyoitaja juu nayo huwa na mafungu ya wanafunzi wa HBCU.

Halafu kuna pesa za mtaani, ambazo wanafunzi huzidharau. Matawi ya vyama vya udada na undugu vya wanachuo Weusi, kama vile vya udada vya Alpha Kappa Alpha na Delta Sigma Theta, makanisa, misikiti, vyama vya wauguzi, Rotary, hata vyama vya Wakongo na Wakenya vya mji wenu. Dola 500 hapa, 1,000 pale. Washindani ni wachache kwa sababu tangazo liko ubaoni, siyo kwenye orodha za mtandao. Pengo la 6,300 likishapata Gilman ya 4,000, hizi ndizo zinazolifunga.

Na usiogope kuandika barua pale usipoona fomu. Mwaka 1890 Rutherford B. Hayes, rais mstaafu wa Marekani aliyesimamia mfuko wa Slater wa elimu ya Weusi, alinukuliwa gazetini akisema wako tayari kumpeleka Ulaya kijana mweusi mwenye kipaji cha masomo, ila hadi hapo kipaji walichokiona kwa watu weusi ni cha kuhutubia tu. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mashuhuri mweusi wa baadaye, wakati huo yuko Harvard, akaomba. Akajibiwa kwamba mpango umeachwa. Akaandika tena, safari hii kwa ukali, akisema wazi kwamba kauli ile imewadhuru Weusi, na akaambatanisha watu wa kumshuhudia. Mwaka 1892 akapewa dola 750, nusu zawadi na nusu mkopo, akaenda Berlin. Sishauri ukali wake. Nashauri kuandika barua ya pili.

Hatua ya sita: andika kama mtu, siyo kama kipeperushi

Wasomaji wa maombi husoma rundo. Sentensi kama "napenda tamaduni mbalimbali na nataka kupanua mtazamo wangu" wameiona mara elfu. Linganisha na hii:

"Nasoma uuguzi. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilikuwa mkalimani wa bibi yangu kliniki, nikatafsiri vibaya dozi yake, na muuguzi akagundua kwa sababu alipiga simu nyumbani. Nataka kwenda Salvador, Brazili, kuona jinsi wahudumu wa afya wa jamii wanavyopita nyumba kwa nyumba chini ya mfumo wa afya wa umma."

Hapa kuna fani, kuna kisa, kuna mji, na kuna sababu ya mji huo. Msomaji anaweza kumwona mtu. Umaskini utaje kwa hesabu, usiutungie maombolezo: "nafanya saa ishirini kwa wiki ghalani, na pengo langu ni 6,300" inatosha. Usijidogoshe, wala usimseme vibaya mzazi aliyekulea.

Gilman huuliza pia utafanya nini ukirudi ili wengine nao waijue programu. Wengi huandika "nitaanzisha shirika". Hakuna anayeamini. Andika kitu utakachoweza kumaliza kwa wiki nne: kikao kimoja kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Jumamosi moja kanisani au msikitini, kwa Kiswahili, ukiwaelezea wazazi bei, usalama na fomu. Taja nani atakupa ukumbi. Barua ya mchungaji au imamu anayesema "ukumbi upo" ni ushahidi ambao mwombaji mwenzako hana.

Mpe mtu mmoja asome kwa ajili ya lugha na mwingine kwa ajili ya ukweli. Wakiwa watu wanane wanaosahihisha, insha hupoteza sauti yako.

Hatua ya saba: barua ya ushindi imefika, sasa linda pesa

Hapa swali la tatu linarudi. Chuo kikisikia umepata Gilman 4,000, kinaweza kupunguza msaada wako mwingine kwa sababu bajeti yako sasa inaonekana imejaa. Ndiyo maana uliomba bajeti ikokotolewe upya na majibu kwa barua pepe. Omba wapunguze mkopo na kazi ya kampasi kabla ya kugusa ruzuku. Ofisi nyingi hukubali zikiombwa. Chache hufanya zenyewe.

Kodi pia. Sehemu ya ufadhili inayolipa ada na vitabu vya lazima haitozwi, lakini inayolipa nyumba, chakula na tiketi huhesabiwa kuwa kipato. Tunza risiti.

La mwisho ni tarehe. Msaada wa serikali kwa kawaida huingia karibu na muhula kuanza, na muhula wa nje unaweza kuanza mapema au kuchelewa kuliko wa nyumbani, hali tiketi inataka kulipwa miezi miwili kabla. Uliza sasa kila mfadhili: pesa inaingia lini, inakuja kwako au chuoni? Kama kuna pengo la wiki, baadhi ya vyuo vina mkopo wa dharura usio na riba wa kulipia tiketi. Unaombwa kwa fomu ya ukurasa mmoja kwenye ofisi ileile ya misaada ya fedha, ukiambatanisha barua ya ushindi.